Bendi za ridhaa hazifi kwa kukosa vyombo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu ndugu yetu wa Muheza, ambaye Jumapili iliyopita aliandika kwamba bendi za vijana mkoani Tanga zinakufa kwa kukosa vyombo, na kwamba bila mfadhili wa kutoa si chini ya shilingi milioni 10 hakuna bendi ya ridhaa itakayosimama. Barua ile nimeisoma mara mbili: asubuhi nikiwa kazini, na usiku nikiwa na gitaa mapajani. Simjui mwandishi wala sina ugomvi naye. Ila mimi ni mpiga besi wa bendi za ridhaa hapa Tanga mjini, mwaka wa 13 sasa, na bendi tatu zimenifia mikononi. Hakuna hata moja iliyokufa kwa kukosa vyombo. Moja ilikata roho vyombo vikiwa vipya, vingine havijatolewa kwenye maboksi.

Hiyo ya maboksi ndiyo inayoniuma. Mfanyabiashara mmoja alitupenda kwenye harusi, akatununulia kila kitu: spika, mikisa, maikrofoni nne, kinanda, hata viti vya kukalia. Tulishangilia wiki moja. Wiki ya pili tukaanza kubishana vyombo vilale kwa nani. Wiki ya tatu aliyevilaza kwake akawa meneja bila kuchaguliwa. Mwezi wa pili mazoezi yakawa kikao, na kikao kikawa kesi. Nyimbo mpya tulizotunga kipindi chote kile ni sifuri. Hizo nyingine mbili sitazisema sana. Moja iliuawa na sauti ya gitaa la solo, nitaifikia, na nyingine iliuawa na ndoa ya mwimbaji na mpiga dramu, au tuseme talaka yao.

Nijieleze kidogo ili nisionekane nasema ya kusikia. Nina miaka 46, mama wa watoto watatu, mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Bendi ya sasa ina watu saba. Mpiga solo ni fundi friji, wa rizimu anafanya kazi bandarini, wa dramu ni mwalimu wa hisabati, wa tumba anaendesha bajaji, mwimbaji wetu wa kiume anauza samaki pale Deep Sea na wa kike ni mshonaji. Wa saba ni mimi. Tunapiga kwenye harusi, kipaimara, send-off, na mara moja moja baa. Tukigawana, kila mtu anapata nauli na kitoweo. Mlinzi wa ukumbi mmoja bado ananielekeza kila mara waimbaji wanakopita, ingawa nimebeba gitaa refu kuliko yeye.

Gitaa lenyewe nililinunua mwaka 2012 kwa kijana wa kwaya aliyekuwa anakwenda chuo Dodoma. Tulikubaliana laki mbili na themanini, nikalipa kwa mafungu matatu. Jina la kiwanda lilishafutika kwenye kichwa cha gitaa. Kifundo kimoja cha sauti kilikuwa kimepotea, nikaweka kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, na mpaka leo kipo.

Sasa, Mhariri, hapa ndipo nitakapochukua nafasi yako kubwa, maana watu wanazungumzia vyombo kana kwamba ukishanunua basi. Shingo ya gitaa la besi ni ndefu. Kutoka kile kipande cheupe cha kichwani hadi daraja la chini, uzi una inchi 34, karibu sentimita 86. Nimelipima kwa tepu ya dukani. Nyuzi zote nne zikikazwa sawasawa zinaivuta shingo kwa uzito wa kama kilo 75. Kwa hesabu za stoo kwangu huo ni mfuko mmoja na nusu wa saruji, unaning'inia usiku na mchana. Ongeza na hewa yetu ya bahari inayoingia kwenye mbao. Langu lilipinda mwaka wa pili. Nyuzi zikapanda juu katikati ya shingo, kubana noti moja ikawa kama kukamua nazi kwa vidole viwili. Fundi mmoja akatazama, akatikisa kichwa kama daktari, akasema shingo imekufa, nilete laki moja na nusu atafute nyingine.

Sikuwa nayo. Mzee mmoja wa Ngamiani, ambaye nitamrudia, ndiye aliyenionyesha kwamba ndani ya shingo umelala ufito wa chuma, na kwamba mwishoni kuna tundu la pembe sita. Ule ufunguo wa L tunaouza dukani shilingi 1,500 ndio unaoingia pale. Nikageuza robo mzunguko, nikaliacha hadi kesho yake. Robo nyingine, nikaliacha tena. Mwenye haraka huzungusha mzunguko mzima akasikia mlio asioupenda, na hapo ndipo shingo inapokufa kweli. Siku ya nne nyuzi zikalala chini. Kisha tukashughulikia daraja: uzi ukiguswa tu juu ya fireti ya 12, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, unatoa sauti nyembamba kama kengele, ukibanwa palepale na kupigwa, sauti iwe hiyohiyo. Ya kubana ikiwa juu, unakirudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi. Ikiwa chini, unakisogeza mbele. Kazi ya nusu saa na bisibisi.

Gitaa la besi ambalo mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alilitoa Marekani mwaka 1951 aliliita Precision, yaani usahihi, kwa sababu hiyohiyo. Kwa kuwa lilikuwa na fireti, mpigaji hakuhitaji tena kuwinda noti kwa kukadiria kama kwenye besi kubwa ya kusimama. Mimi nazunguka kwenye kwaya nyingi, na nasikia besi zinazowinda noti huku fireti zote zipo.

Nyuzi nazo. Seti ya mwisho niliinunua kwa shilingi 65,000, fedha ambayo mama mwenye wanafunzi wawili haitoi kila mwezi. Zikichakaa, sauti inakufa, inakuwa kama unapiga kamba ya kuanikia nguo. Kinachoziua, kabla ya kutu, ni mafuta na jasho la vidole yanayojaa kwenye mikunjo ya uzi. Nazivua, nazichemsha dakika kumi, nazikausha kwa kitambaa, nazirudisha. Zinaamka kwa wiki tatu hivi, zikifa tena nachemsha tena. Mama mkwe aliwahi kufunua sufuria akidhani ni tambi za futari. Siku hizi akiona sufuria jikoni anauliza kwanza.

Jambo la umeme silifanyii mzaha. Katika bendi yangu ya kwanza, amplifaya yangu ya wati 30 ilikuwa na mvumo. Kijana mmoja anayejua kila kitu akafungua plagi, akakata waya wa arthi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Mvumo ukatoweka, tukampigia makofi. Jumamosi iliyofuata nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni kuitikia kibwagizo, mkono uko kwenye nyuzi. Nilirushwa hadi kwenye tumba. Umeme ulikuwa unavuja ndani ya amplifaya, na kwa kuwa haukuwa na njia ya kwenda ardhini ulikuwa umekaa kwenye nyuzi za gitaa unangoja. Maikrofoni ilikuwa kwenye mashine nyingine yenye arthi nzima. Waya wa kuviunganisha nikawa mimi. Fundi friji wetu alirudisha arthi, akaziba palipovuja, kisha akachomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja badala ya kutawanya plagi kwenye kuta tatu, na mvumo ukapungua wenyewe. Kwa hiyo ndugu wa Muheza akipata hizo milioni, za kwanza zinunue ekstensheni nzuri yenye arthi, pamoja na waya za gitaa zilizolehemewa vizuri. Hazipendezi kwenye picha za kukabidhi msaada.

Nimsifu mahali anapostahili. Besi inahitaji nguvu, na hapo kweli uhaba unauma. Uzi mnene ukiwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo inataka spika isukume hewa nyingi. Fundi friji akiwa na wati 30 za solo anatuziba masikio. Mimi na wati 30 zangu dramu zikianza sisikiki hata na mguu wangu. Tuliwahi kupitisha besi kwenye spika za gitaa la kawaida katika harusi moja Pongwe. Wimbo wa tatu karatasi ya spika ikachanika, ikawa inakoroma kama mgonjwa wa pumu. Malipo ya harusi yalikuwa laki mbili na nusu. Mwenye spika alidai laki moja na themanini. Gawanya inayobaki kwa watu saba, na bajaji ya kwenda na kurudi hujalipa.

Lakini nguvu hiyo inatakiwa siku ya shoo, nayo inakodishwa. Kwenye mazoezi dawa ni wengine kushuka. Bendi yangu ya pili ilikufa kwa kukataa kushuka. Solo alipandisha ili ajisikie juu ya dramu, rizimu akapandisha ili amsikie solo, dramu akapiga kwa hasira, mwimbaji akapoteza sauti. Mimi nilikuwa nikibahatisha kwa kuangalia mguu wa mpiga dramu. Majirani wakaleta balozi. Sasa tuna kanuni moja: mwimbaji anaimba bila maikrofoni, na yeyote anayemfunika anashusha. Mwalimu wa hisabati alinuna mwezi mzima, kisha akafunika dramu zake kwa khanga kuukuu. Siku ile ndiyo nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba rizimu alikuwa anapiga kodi (zile noti zinazopigwa kwa pamoja) isiyo yake kwenye wimbo tuliokuwa tukiupiga miaka miwili. Naye alishangaa.

Nije kwa yule mzee. Alipiga besi ujanani enzi ambazo klabu za taarabu za hapa kwetu, Black Star na baadaye Lucky Star, zilikuwa zimeingiza magitaa ya umeme na besi kwenye taarabu, wakati Unguja vikundi vikubwa vikiendelea na fidla, ganuni na ile besi ya kusimama. Nilimfuata nikitaka anifundishe haraka, maana kwaya ilikuwa inaningoja. Akanipa uzi mmoja. Mwezi mzima, uzi mmoja, noti nne, vidole viwili vya mkono wa kulia kwa zamu, cha shahada na cha kati, kisirudiwe kimoja. Yeye anagonga kiti kwa funguo. Nikichapuka ananyamaza, ananitazama. "Mwanangu, unakimbilia wapi? Kuna moto?" Nikisema nimechoka anasema, "Basi pumzika ndani ya wimbo." Mwaka ule nilidhani ananitania. Alichokuwa akinifundisha ni kunyamaza kwa wakati: noti ikishafanya kazi yake uizime kwa kiganja kabla haijamkanyaga mtu wa tumba.

Kugonga kiti kwa funguo huku napiga sikuweza, nikatumia metronomu, kihesabu mapigo, ya bure ya kwenye simu. Naiweka 60, halafu najifanya kwamba kila mlio ni pigo la pili na la nne, la kwanza na la tatu nijaze mwenyewe. Ukiteleza hapo unateleza kweli, hakuna pa kushika. Dakika 20 kila siku, saa 11 alfajiri kabla ya kuwaandaa watoto. Amplifaya siwashi. Naegemeza pembe ya gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo, kabati zima linageuka spika ndogo, nasikia kila kosa na mume wangu anaendelea kukoroma. Mwanangu mdogo aliwaambia wenzake shuleni kwamba kabati letu linaimba.

Na hapa kuna jambo ambalo nadhani ndugu wa Muheza hajaliona, ingawa linawamaliza vijana kuliko umaskini. Wanajifunza nyimbo kwa spika ya simu. Spika ile ni ndogo kama sarafu, haiwezi kutoa sauti nzito ya besi. Unachosikia ni kivuli chake cha juu, na mara nyingi hata kivuli hakipo. Kijana anakuja mazoezini anakwambia wimbo ameukariri, ukimuuliza besi inaingia wapi kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, anakuonyesha mahali solo inapoingia. Hajadanganya. Besi hajawahi kuisikia. Mimi mwenyewe nilizaliwa mwaka mmoja baada ya bendi ya Les Wanyika kuanzishwa Nairobi mwaka 1978, nimelelewa kwenye nyimbo zao, lakini mpiga besi wao, Tom Malanga, nilimsikia sawasawa nikiwa na miaka zaidi ya 30, siku niliyoazima spika za masikioni za binti yangu. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Kumbe mtu yule anaacha nafasi tupu, gitaa la rizimu la Omari Shabani linapita katikati yake kama maji, kisha anarudi akiwa hana haraka yoyote. Miaka yote mimi nilikuwa nazijaza nafasi zile nikidhani ndiyo kazi ya besi.

Tena hao hawakutoka mbali nasi. Wilson na George Kinyonga walianzia hapahapa Tanga, katika bendi ya Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, wakaingia Kenya mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika, na ndani ya Simba Wanyika ndimo walimotoka walioanzisha Les Wanyika. Vijana wetu wana haki ya kusikia kitu hicho kikiwa kizima. Spika za masikioni za shilingi 10,000 zinatosha kuanzia.

Basi kwenye bendi yetu tumekubaliana hivi. Jumatatu wimbo unatumwa WhatsApp, kila mtu anausikiliza kwa spika za masikioni, anakwenda kuhangaika nao nyumbani kwake na kabati lake. Jumamosi tunakutana kuuunganisha. Asiyejua sehemu yake anakaa pembeni, anaangalia, na soda ananunua yeye. Haikuwa hivi zamani. Kuna Jumamosi moja niliandika kwenye daftari la stoo, saa tatu hadi saa sita mchana, dakika kwa dakika: muda tuliopiga sote kwa pamoja ulikuwa dakika 50. Uliobaki ulikwenda kumsubiri mtu mmoja atafute noti aliyopaswa kuja nayo, kufunga na kufungua waya, na mjadala kuhusu sare. Sare, Mhariri! Tulikuwa na nyimbo tano. Nilipowasomea hesabu ile kama ninavyosoma hesabu ya misumari, fundi friji alisema daftari langu lina wivu. Wiki iliyofuata alikuja anaujua wimbo.

Sisemi wafadhili wasitoe. Wakitoa tutapokea kwa mikono miwili, na spika ya besi yenye nguvu ningeipokea hata usiku wa manane. Ninachomwomba ndugu yetu ni kwamba, kabla hajawaambia vijana wake wakae kungoja milioni 10, awalete kwetu Jumamosi yoyote, saa tatu asubuhi, gereji iliyo nyuma ya uwanja wa mpira wa Chumbageni. Akiulizia kabati linaloimba ataonyeshwa na watoto. Gitaa la besi wataazima langu, lile la kifuniko cha chupa. Ufunguo wa L nitawapa, nao wataondoka nao. Waya wa gitaa waje nao wenyewe. Wa kwetu umebaki mmoja mzima, na huo ninaondoka nao kwenye pochi.

Mpiga besi,
Chumbageni, Tanga
(Jina langu, Mhariri, unalo)